Vijiko Sita kwa Kuku Sita

Kila asubuhi ya utoto wangu nilimshika mfalme wa Waingereza kichwa, nikanywa uji. Sijisifu. Ndivyo vijiko vya Bibi vilivyokuwa: mwisho wa mpini umepanuka kiasi cha ukucha wa dole gumba, na juu yake umetokeza uso wa mtu. Vitatu vilikuwa na mwanamume mwenye ndevu na taji, vitatu vilikuwa na mwanamke wa shingo ndefu iliyojaa shanga. Ni mfalme yupi na malkia gani, sikuwahi kujua, na mpaka leo sijajisumbua kutafuta. Bibi aliwaita Mzee wa Ndevu na Mama Shingo. Mzee wa Ndevu alikuwa amelika pua, kwa sababu Bibi alivisugua vijiko vile kwa majivu na mchanga, vilevile alivyosugua sufuria, na hakuna pua inayostahimili majivu kwa miaka yote hiyo.

Vilikuwa vya bati laini la kizamani, lile linalochanganywa na risasi. Ukikiuma kijiko, jino linaacha alama. Kimoja kina alama za meno yangu ya utoto, na nikipitisha ulimi pale naijua kila moja.

Bibi ndiye aliyenilea, kijijini kwetu Iramba, si mbali na Ulemo. Baba yangu alikuwa mtoto wake wa pekee, na alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Uani kwetu palikuwa na nyumba mbili zinazotazamana: ya Bibi, mke mkubwa, na ya Bibi Mdogo, mke wa pili. Babu mwenyewe nilimkuta ameshazikwa. Nilimjua kwa hadithi, na kwa fimbo yake iliyokuwa juu ya kenchi, ambayo Bibi aliitumia kufukuzia mbuzi.

Hadithi ya vijiko niliisikia mara nyingi kuliko hadithi ya Nuhu. Babu alikuwa tarishi bomani enzi za Mwingereza, na ndani ya nyumba yake kijiko kilikuwa kimoja tu, chake. Alikileta kutoka bomani, akakitundika ukutani kwa uzi, na ole wake mtoto atakayekigusa. Wake zake walikula kwa mkono, na uji walinywa kwa kata. Hakuna ubaya kula kwa mkono, mimi mwenyewe ugali siuli kwa kitu kingine. Lakini Bibi alisema kile kijiko kiliponing'inia pale ukutani, kilikuwa kinamcheka.

Uhuru ulipokaribia, Mzungu mmoja aliyekuwa akisimamia barabara alianza kufungasha mizigo arudi kwao, na mkewe akatandaza vyombo uani ili watu waje wabadilishane kwa vitu vya kula njiani. Watu walichukua masufuria, mablanketi, viti. Bibi alikwenda na tenga la kuku sita, wote mitetea, akaviona vijiko vimepangwa kwenye kibao, sura zinatazama juu. Mama wa Kizungu alimwonyesha blanketi. Bibi akakataa. Akamwonyesha sufuria yenye mfuniko. Bibi akakataa, akaweka kidole juu ya uso wa mfalme.

"Babu yako alikuwa na kijiko kitupu," alikuwa akiniambia, "mimi nikala na mwenye kijiko, mfalme mwenyewe."

Babu aliporudi jioni alimkuta mkewe amekaa mlangoni anakula mlenda kwa malkia. Akauliza vimetoka wapi. Bibi akamjibu maneno mawili: kuku wangu. Babu akaingia ndani.

Asiyetoka kwetu anaweza asielewe kwa nini mzee yule alinyamaza. Kwetu ng'ombe ni wa mwanamume. Hata mwanamke akimlisha, akimkamua na kumtibu, siku ya kuuzwa atasikia tu zizi limepungua. Lakini kuku ni wa mwanamke. Anamfuga, anamuuza, anamchinja, anamgawa, na haulizwi. Mwanamume akipata mgeni wa heshima inabidi aende jikoni aombe kuku, na aombe vizuri. Hao kuku wa Singida mnaowasifu kwenye mahoteli ya Dar es Salaam wamesomesha watoto wengi kuliko ng'ombe, na walioshika tenga ni wanawake. Kwa hiyo kilichopatikana kwa kuku ni cha mwanamke, hata kama kina kichwa cha mfalme. Ndiyo sheria, na niliinyonya na maziwa.

Vijiko vilikuwa sita, na mmoja nilimuua mimi. Nilikuwa darasa la nne, napiga pasi sare ya shule kwa pasi ya mkaa. Koleo sikuliona, nikachukua kijiko nichotee makaa. Nilichota mara ya kwanza, nikachota mara ya pili, na mara ya tatu niliponyanyua mkono nilikuwa nimeshika mpini mtupu. Tumbo la kijiko lilikuwa limedondokea kwenye jivu, matone matone, linang'aa. Nikautupa na mpini mle mle, kwa wazo la kijinga kwamba nikiharibu ushahidi wote sitaulizwa. Mzee wa Ndevu akalala kifudifudi, akatandazika. Bibi alikuja, akachutama, akachokonoa jivu kwa kijiti muda mrefu. Nilikuwa nimeshajiandaa kupigwa. Hakunipiga. Aliniambia tu kwamba kuanzia siku ile nitakunywa uji kwa kata, na nilikunywa kwa kata mpaka nilipomaliza darasa la saba. Ningependelea fimbo.

Bibi Mdogo sikuwahi kumwona ameshika kimojawapo cha vijiko vile hata siku moja. Alikuja kuomba moto, alikuja kuazima kinu, alikaa na Bibi kupepeta uwele wakiwasema watu wa kijiji kizima, lakini akikaribishwa uji aliomba kata. Nilidhani ana dharau. Nilidhani ni mambo ya wake wenza, na kwa kuwa nilikuwa upande wa Bibi kwa kila kitu, nilimhesabu Bibi Mdogo kuwa mwanamke mwenye roho ndogo. Nayasema haya kwa sababu ndiyo niliyoyafikiri, siyo kwa sababu yananipendeza.

Bibi alifariki miaka miwili iliyopita, baada ya mavuno ya alizeti. Nilitoka Singida Mjini, ninakouza mafuta ya alizeti karibu na stendi, nikapanda basi na kitenge kimoja na mwili usiojua kulia. Tulimzika. Siku ya kuanua matanga, ukoo ukakaa uani chini ya turubai: wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, kama ilivyo ada. Mkuu wa kikao alikuwa Baba Mdogo, mtoto wa Bibi Mdogo, kwani ndiye mwanamume mkubwa aliyebaki kwenye nyumba ya Babu. Shamba lilisemwa, likaisha. Mbuzi wakasemwa, wakaisha. Vyombo vya jikoni kwa kawaida havisemwi kabisa. Wanawake wa nyumba huingia ndani wakagawana wenyewe, na wanaume hapo huwa wameshaanza kuulizia chakula.

Safari hii Baba Mdogo alinyoosha mkono chini ya kiti chake, akatoa kopo la Bibi. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye kutu mdomoni. Akaliinamisha, vijiko vitano vikamwagikia mapajani mwake.

Nilishtuka. Kopo lile nililiacha jana yake juu ya kabati ya jikoni. Kumbe kabla hata ya mazishi Baba Mdogo alikuwa ameshavipiga picha kwa simu na kumtumia mtu mmoja wa Arusha anayewauzia watalii vitu vya kale, na mtu yule alikuwa amejibu. Bei aliyotaja siiandiki hapa, isije ikawaharibia wengine usingizi. Alikuwa ameuliza pia ni mwehu gani aliyevisugua kwa majivu.

"Hivi si vyombo vya jikoni," Baba Mdogo akasema. "Hivi marehemu Baba alipewa na Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa serikali, kwa utumishi wake bomani. Ni kumbukumbu. Ni mali ya ukoo. Nitavichukua mimi kwa niaba ya ukoo, tutajua cha kufanya."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Watu huitikia upesi jambo wasilolijua. Mimi nikasimama pale mkekani, na mama mmoja akanivuta kitenge nikae. Sikukaa.

"Baba Mdogo, shikamoo tena," nikasema.

"Marahaba."

"Naomba kuuliza tu. Ulikuwepo?"

Mwanamke mmoja nyuma yangu akaguna. Baba Mdogo alizaliwa baada ya Mzungu yule kuondoka, na hilo kila mtu pale alilijua.

"Si lazima mtu awepo. Haya mambo yanajulikana."

"Mbona miaka yote hayakujulikana, yamekuja kujulikana wiki hii baada ya ujumbe kutoka Arusha?"

"Angalia mdomo wako. Wewe ni mtoto wa kike. Mali ya ukoo ikikaa kwako itaenda kwa watu."

"Watu gani, Baba? Nimeachika mwaka wa kumi na moja huu. Kwangu anayekula ni mimi na paka."

Walicheka, hata baadhi ya wazee, na kicheko kile kilinipa nguvu ambayo labda sikustahili. Nikawaambia yote. Tenga, mitetea sita, kidole juu ya uso wa mfalme, Babu kuingia ndani kimya. Nikasema Bibi alivipata kwa kuku, na kama leo kuku amekuwa mali ya ukoo, basi tusiishie kwa marehemu, tuendelee. Kila mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha plastiki arudi kwake akamwambie mkewe kwamba kuku wote waliokwisha kuuzwa, ada zote za shule, mabati yote ya nyumba, ni mali ya ukoo, kisha kesho atueleze amelala wapi.  Nilikuwa tayari kufukuzwa uani pale na kutorudi tena kuliko kumwona Mama Shingo anaondoka ndani ya mfuko wa koti la mwanamume kwa uongo. Bei haikuniuma. Kilichoniuma ni kusikia kwamba jambo pekee ambalo Bibi alilifanya kwa akili yake na mali yake sasa limekuwa zawadi ya Bwana Shauri kwa Babu.

Mzee mmoja wa ukoo, mtu wa haki, akainua mkono. "Maneno yako mazito," akasema. "Yake pia mazito. Nani shahidi?"

Hapo nikakwama. Waliokuwepo wamekufa. Nilitazama mikeka, nikatazama viti, nikasikia Baba Mdogo anavirudisha vijiko ndani ya kopo, kimoja kimoja.

"Walikuwa kuku sita."

Sauti ilitoka mlangoni mwa nyumba ya pili. Bibi Mdogo alikuwa amekaa pale kwenye kigoda tangu asubuhi, amejifunika shuka, na sote tulidhani amesinzia. Macho yake yana mtoto wa jicho, na alisema kwa Kinyiramba, polepole, uso ameuelekeza mahali pasipo na mtu.

"Kuku sita. Hapakuwa na Bwana Shauri wala nani. Tulikwenda kwa mke wa Mzungu. Kuku niliwabeba mimi kichwani, maana mwenzangu alikuwa na mimba ya baba yako, mjukuu wangu, na miguu imemvimba."

 Nusura nipige vigelegele kwenye matanga. Baba Mdogo alimtazama mama yake kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. Ndipo Bibi Mdogo akamalizia.

"Watatu walikuwa wake. Watatu walikuwa wangu."

Nikasikia kuku wanachakura nyuma ya jiko.

"Njiani kurudi vijiko vilifungwa kwenye kanga yake," akaendelea. "Akaniambia vyangu atanipa Jumapili, tukitoka kanisani. Jumapili ikapita. Nikangoja nyingine. Nimezingoja nyingi."

Waswahili walisema mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea, na siku ile miguu ile ilimwelekea mtu aliyekuwa chini ya udongo, na baada yake mimi. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Hadithi niliyoipigania nusu saa nzima, iliyonilea, ilikuwa na mtu wa pili ndani yake, tena ndiye aliyebeba tenga, na Bibi alikuwa amemfuta vizuri kuliko Baba Mdogo alivyotaka kumfuta yeye. Nilimchukia Bibi kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha nikarudi kumpenda, na wizi wake juu, kwa sababu mimi sina Bibi mwingine.

"Kwa nini hukusema, Mama?" Baba Mdogo akauliza. "Kwa nini hukumshtaki?"

"Kwa nani?"

"Kwa Baba."

Bibi Mdogo akacheka, kicheko kifupi kisicho na meno. "Baba yako angevichukua vyote sita. Heri viwe kwa mwenzangu. Nilikuwa navisikia vinagonga bakuli kule ng'ambo, najua viko kwa mwanamke."

 Yule mwanamke niliyemhesabu kuwa na roho ndogo alikuwa amekunywa uji kwa kata maisha yake yote, mdomo ameufunga, ili sheria yetu isije ikavunjwa na mume. Na leo alikuwa ameufungua kwa sababu hiyohiyo, dhidi ya mwanawe wa kumzaa.

Nikavuka uani mpaka kwenye kiti cha Baba Mdogo, nikanyoosha mikono miwili kwa adabu, akaniachia kopo. Wazee walikuwa wanatazama, angefanya nini. Nikampelekea Bibi Mdogo, nikapiga magoti. Nikamwambia vimebaki vitano, cha sita nilikiyeyusha mimi, kwa hiyo hicho kihesabiwe upande wetu, yeye achague vitatu kwanza. Akaingiza mkono ndani ya kopo. Alichagua kwa vidole, anapapasa nyuso moja moja, akapitisha dole gumba palipokuwa na pua ya mfalme, akasonya, akamwacha. Akatoa Mama Shingo wote watatu. Mimi nikabaki na wazee wawili wasio na pua, nikaridhika.

Baba Mdogo hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Alisogeza kiti chake mpaka karibu na kigoda, akalainisha sauti, ile sauti ambayo wanaume huitumia wanapoomba kuku.

"Mama, nipe basi hivyo vitatu nikutunzie. Hapa vitapotea."

"Ng'ombe wa baba yako uliwatunza wewe," Bibi Mdogo akasema. "Wako wapi?"

 Wale ng'ombe waliishia kwenye mnada, mmoja baada ya mwingine, na mama yake alikuwa akisikia tu zizi limepungua. Wazee wakatazama vidole vya miguu yao.

"Mjukuu wangu, niletee uji."

Nilikimbia jikoni. Uji wa uwele ulikuwepo, wa wapishi wa matanga, bado una joto. Nikajaza bakuli, nikaliweka magotini pake na kulishikilia. Akafuta kijiko kimoja kwa pindo la shuka, akakishika kichwa cha malkia kwa ngumi, kama mtoto, maana hakuwahi kufundishwa kukishika vingine.

"Mama, usile na hicho!" Baba Mdogo akasema, na safari hii nadhani hofu yake ilikuwa ya kweli, au nusu yake. "Vina risasi ndani. Ni sumu. Yule wa Arusha amesema ni vya kutazama tu."

"Nina umri gani mimi?"

"Mama..."

"Basi viniue nikiwa nimeshiba."

Akachovya. Kijiko cha kwanza kilimwagika nusu kidevuni, cha pili kikaingia chote. Alikula taratibu, na kila alipochota kijiko kiligonga bakuli. Kwetu watu hawainuki mkubwa akiwa bado anakula. Kwa hiyo wanaume wote wa ukoo, na simu zao mifukoni, na mabasi wanayotaka kuwahi, na Baba Mdogo mbele yao, walikaa kwenye viti vyao vya plastiki wakimsubiri mwanamke mmoja amalize uji wake.  Alikwangua pembeni, akakwangua chini, akalamba kijiko mbele na nyuma.

Kisha akanisukumia bakuli.

"Ongeza," akasema.